Wayahudi wa Maryland na siasa za jimbo: nani anasema kwa niaba ya nani?

Ukitaja utetezi wa Wayahudi wa Marekani kwenye kijiwe chochote cha kahawa, Kariakoo au Mombasa, mazungumzo huruka moja kwa moja hadi Washington na Israel. Hazipiti dakika mbili kabla mmoja hajasema kwamba hao ndio wenye Marekani yao. Dhana hiyo ni ya kale na imeshaua watu wengi. Hata kwa asiyejali hayo ina kasoro nyingine: haielezi chochote. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mbali na Washington, katika miji mikuu ya majimbo ambayo Wamarekani wengi hawajawahi kuikanyaga: Harrisburg, Springfield, Sacramento, Annapolis. Hoja zinazopelekwa huko mara nyingi ni za kawaida hadi kuchosha. Nyumba ya wazee inahitaji paa. Malipo ya wahudumu wa majumbani hayatoshi. Tarehe ya mtihani imeangukia Yom Kippur, siku kuu ya Wayahudi ya kufunga na kutubu. Mlango wa sinagogi unahitaji kamera.

Nimechagua Maryland, jimbo dogo linaloizunguka Washington upande wa kaskazini na mashariki, kwa sababu mbili. Ni miongoni mwa majimbo ambako Wayahudi ni sehemu kubwa kidogo ya watu kuliko ilivyo kitaifa (kitaifa ni kama asilimia 2 hivi). Pia ni pale ambapo swali la Myahudi na serikali ya jimbo liliwahi kubishaniwa bungeni kwa miaka mingi, waziwazi, na jina la Wayahudi likiwa kwenye muswada.

Kwanza tuelewane kuhusu jimbo. Silo jimbo la uchaguzi kama Kibaha au Lang'ata. Ni serikali kamili yenye katiba, gavana, bunge la mabaraza mawili, mahakama zake, kodi zake, na sheria zake za jinai na za ndoa. Kaunti za Kenya zina gavana na bunge, lakini hakuna kaunti inayotunga sheria ya mauaji au ya talaka. Kule Marekani jimbo ndilo linaloamua mwanafunzi asome nini, muuguzi apate leseni vipi, hospitali ilipwe ngapi kwa mgonjwa maskini, na aliyechora swastika, alama ya Wanazi, kwenye ukuta wa sinagogi ahukumiwe vipi. Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi ya kuhudumia wazee Baltimore au Silver Spring analijua hili vizuri, kwa sababu mshahara wake hauamuliwi na rais. Kwa kiasi kikubwa unaamuliwa na viwango vya Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, ambavyo hupangwa Annapolis, mji mkuu wa Maryland.

Tofauti hii kati ya serikali kuu na jimbo ndiyo iliyowaumiza Wayahudi wa Maryland tangu mwanzo. Katiba ya jimbo ya mwaka 1776 ilimtaka kila anayeshika wadhifa wa umma atangaze kwamba anaiamini dini ya Kikristo. Katiba ya Marekani iliyokuja baadaye ilikataza masharti ya kidini kwa nyadhifa, lakini nyadhifa za serikali kuu tu. Majimbo yaliachwa na yao. Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza. Mwaka 1801 Rais Thomas Jefferson alimteua Reuben Etting, Myahudi wa Baltimore, kuwa mkuu wa utekelezaji wa amri za mahakama za serikali kuu katika Maryland nzima. Mtu huyohuyo asingeweza kuwa diwani wa mji anaoishi.

Ndugu yake, Solomon Etting, alikuwa ameshajaribu. Mwaka 1797 yeye na baba mkwe wake, Barnard Gratz, walipeleka ombi kwa bunge la jimbo. Kamati ikasema ombi ni la haki, ila ni zito mno kushughulikiwa wakati kikao kinaelekea ukingoni. Kila aliyewahi kufuatilia faili ofisini anaijua lugha hiyo.

Aliyelifufua jambo hili kwa nguvu hakuwa Myahudi. Thomas Kennedy alizaliwa Scotland, akawa Mkristo wa kawaida tu huko kaunti ya Washington, magharibi mwa jimbo, akachaguliwa kuwa mwakilishi. Mwaka 1818 alipeleka muswada wa kuondoa sharti lile kwa Wayahudi, na kwa kauli yake mwenyewe bungeni, huko anakotoka hapakuwa na Myahudi hata mmoja wala yeye hakumjua yeyote duniani. Hakuwa na kura ya kupata. Alikuwa na za kupoteza, na akazipoteza. Muswada ulishindwa, akaurudisha. Mwaka 1822 ukapita, lakini kwa kuwa ulibadili katiba ilibidi bunge linalofuata, baada ya uchaguzi, liuthibitishe. Katika uchaguzi huo wapinzani wake walisimamisha watu waliojiita wa upande wa Wakristo, Kennedy akaangushwa, na uthibitisho ukakwama. Alirudi bungeni baadaye, muswada ukapita tena, na mwanzoni mwa 1826 ukathibitishwa. Mwaka huohuo Solomon Etting na Jacob Cohen wakachaguliwa kuingia baraza la mji wa Baltimore. Kutoka ombi la kwanza ni karibu miaka 30.

Nikiisoma habari hii siwezi kupita bila kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1826 ndio mtoto mmoja mtumwa aliposhushwa bandarini Baltimore kwenda kumtumikia bwana mpya. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Frederick Douglass. Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa watu fulani tu, na Maryland iliendelea na utumwa hadi 1864.

Hata mlango wenyewe haukufunguka wote. Sheria ya 1826 ilimtaka Myahudi atangaze kwamba anaamini kuna thawabu na adhabu baada ya maisha haya, na sharti la kumwamini Mungu likabaki kwenye vitabu vya Maryland hadi enzi za televisheni. Lilivunjwa mwaka 1961 na Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Torcaso dhidi ya Watkins, pale mtu aliyeteuliwa kuwa shahidi rasmi wa hati alipokataa kuapa kwamba Mungu yupo. Mmoja wa mawakili wake alikuwa Leo Pfeffer wa American Jewish Congress. Asasi ya Kiyahudi ilikuwa inamtetea mtu asiyeamini Mungu, kwa hesabu rahisi: serikali inayoweza kumpima mwingine imani kesho itakupima wewe. Wiki chache kabla, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi nyingine kutoka Maryland kuhusu kufunga maduka Jumapili, na hapo majimbo yakashinda. Mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyefunga Jumamosi kwa ajili ya Sabato akalazimika kufunga na Jumapili pia, hasara siku mbili, mpaka mabunge ya majimbo yenyewe yalipozilegeza sheria hizo polepole. Mahakama ikikataa, unarudi bungeni. Ndiyo maana kazi hii ikahitaji watu wa kudumu.

Zamani Ulaya haikuwa na watu wa kudumu wa namna hiyo. Kulikuwa na shtadlan, tajiri au msomi mwenye njia ya kumfikia mfalme, anayekwenda kuomba kwa ajili ya wote. Akikubaliwa, wote wanapona. Akikosana na mfalme, wote wako hatarini, na hakuna aliyempigia kura. Marekani desturi hiyo iligeuka taratibu kuwa taasisi. American Jewish Committee ilianzishwa mwaka 1906 baada ya mauaji ya Wayahudi huko Urusi, na Anti-Defamation League mwaka 1913. Hayo ni mashirika ya kitaifa. Kwa ngazi ya mji na jimbo kilichokuja kuwa muhimu zaidi ni mabaraza ya uhusiano wa jamii, na la Baltimore, Baltimore Jewish Council, lilianzishwa mwaka 1939, Hitler akiwa amekwisha kuitwaa Austria na mipaka ya Marekani ikiwa imefungwa kwa wakimbizi walio wengi.

Fedha na sauti hutoka mahali pawili panaposhikana. Kuna shirikisho la misaada, ambalo Baltimore huitwa The Associated na liliundwa mwaka 1920. Hilo huchangisha fedha kwa jamii nzima na kuzigawa kwa shule, huduma za familia, nyumba za wazee na kadhalika. Baraza ndilo mdomo wake mbele ya serikali. Upande wa vitongoji vya Washington, kaunti ya Montgomery na jirani zake, kuna baraza lingine linalohudumia pia Washington yenyewe na kaskazini mwa Virginia. Kwa hiyo mbunge wa Maryland anaweza kutembelewa na Wayahudi wa mabaraza mawili wanaokubaliana, na siku hiyohiyo na Wayahudi wa makundi mengine matatu wasiokubaliana nao. Hilo nitalirudia, ndiko kwenye fundo lenyewe.

Bunge la Maryland lina wajumbe 188: 141 katika baraza la wawakilishi na 47 katika seneti. Hukaa siku 90 tu kwa mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, na katika siku hizo humwagiwa miswada zaidi ya 2,000. Wengi wa wajumbe hao wana kazi nyingine: walimu, mawakili, wenye biashara. Hawana jeshi la wasaidizi. Mtu anayejua ukurasa wa 40 wa muswada unasema nini, na anayeweza kueleza kwa dakika mbili kwa nini kifungu kimoja kitaufunga mradi wa chakula cha wazee, anasikilizwa. Nguvu ya mshawishi wa jimbo, aliye mzuri, ni hiyo zaidi kuliko bahasha. Ana maelezo sahihi, na hajawahi kumdanganya mjumbe. Ukimdanganya mara moja, siku 90 za mwakani utazimalizia kwenye korido.

Kazi yenyewe huanza kabla ya Januari. Kwa zaidi ya miaka 100 katiba ya Maryland ilimpa gavana mamlaka makubwa juu ya bajeti, na bunge liliweza kupunguza tu, si kuongeza. Wapiga kura walibadili hilo mwaka 2020, na sasa bunge linaweza kuhamisha na kuongeza ndani ya kiwango alichoweka gavana. Lakini mazoea yamebaki. Mwenye ombi la fedha humwona gavana na maofisa wake wa bajeti wakati wa vuli, maana kinachoingia kwenye kitabu cha kwanza cha bajeti ni rahisi kukilinda kuliko kukitafuta mwezi wa Machi. Miradi ya majengo ina njia yake, kupitia hati fungani za jimbo, ambapo mjumbe anaweza kuomba kiasi fulani kwa ajili ya taasisi ya eneo lake.

Na taasisi zipo. Hospitali ya Sinai ilianza mwaka 1866 kama hospitali ya Waebrania, wakati madaktari wa Kiyahudi na wagonjwa wao hawakupokelewa vizuri kwingineko. Leo iko kaskazini-magharibi mwa Baltimore, katikati ya mitaa ambayo wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi, na hao ndio wagonjwa wake. Jirani, Upper Park Heights, ndiko waliko wengi wa Wayahudi wa Kiothodoksi, wale wanaoshika sheria za dini yao kwa ukali zaidi, na asasi iitwayo CHAI imekuwa ikisaidia wazee wa mitaa hiyo kukarabati nyumba zao na kubaki humo tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo baraza linapoomba fedha za Sinai au za wazee wa Park Heights, mjumbe mweusi wa eneo hilo hasikii ombi la Wayahudi. Anasikia ombi la wapiga kura wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wachache kiasi hiki hawapitishi muswada peke yao popote.

Mengi ya mafanikio ya majimbo yana sura hiyo. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha shule kufundisha Maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, kwa sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na New Jersey ikafuata mwaka 1994. Huko New Jersey somo halikuishia kwa Wayahudi tu, sheria ilitaja pia mauaji mengine ya kimbari, na hivyo Waarmenia na wengine nao walikuwa na sababu ya kuinua mkono. New York ina mfano wa aina tofauti. Kwa sheria ya Kiyahudi mke hawi huru kuolewa tena mpaka mume ampe hati ya talaka kwa hiari yake, na mume mkorofi anaweza kuchukua talaka ya mahakamani, akaenda zake, na kumwacha mwenzake akining'inia. Kenya ingesema mpeleke kwa kadhi. Katiba ya Marekani haina nafasi ya mahakama ya dini ndani ya dola, kwa hiyo mwaka 1983 bunge la New York lilizunguka: anayefungua kesi ya talaka ya ndoa iliyofungwa kidini aape kwanza kwamba ameondoa kila kizuizi kilicho katika uwezo wake kinachomzuia mwenzake kuoa au kuolewa tena. Wapo wanaosema hiyo ni serikali kuingia sinagogini kwa mlango wa nyuma. Binafsi naona ni moja ya sheria chache ambazo ushawishi wa jamii ulimsaidia mtu dhaifu ndani ya jamii yenyewe.

Kuna mpaka wa kisheria ambao wengi hawaujui, hata Wamarekani. Asasi ya hisani isiyolipa kodi haiwezi kumuunga mkono wala kumpinga mgombea. Katazo hilo ni la mwaka 1954. Kushawishi kuhusu sheria kunaruhusiwa, kwa kipimo: tangu 1976 asasi inaweza kuchagua utaratibu ambapo hutumia hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake ya mwaka, kisha kiwango kinashuka hatua kwa hatua, na mwisho wa yote ni dola milioni moja, hata asasi iwe kubwa kiasi gani. Juu ya hapo, mshawishi anajisajili kwa tume ya maadili ya jimbo na kutoa taarifa ya alichotumia. Kanisa Katoliki la Maryland lina ofisi yake Annapolis, hospitali zina zao, wenye kasino, walimu, wauza magari. Baraza la Kiyahudi linakaa kwenye foleni hiyohiyo. Kamati za siasa zinazochangia wagombea ni vyombo vingine kabisa, vyenye sheria nyingine, na kuvichanganya na mabaraza ya jamii ndiko kunakozaa nusu ya hadithi za vijiweni.

Sasa fundo. Baraza linaposimama mbele ya kamati na kusema "jamii ya Wayahudi inaunga mkono", ni jamii ipi?

Utafiti wa mwaka 2020 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta kwamba asilimia 37 ya Wayahudi watu wazima wa Marekani hujitambulisha na tawi la Mageuzi, lililolegeza masharti mengi ya dini, 17 na tawi la Kihafidhina, lililo katikati, 9 ni Waothodoksi, na karibu theluthi moja hawana tawi lolote. Hawa hawatofautiani kwenye ibada tu. Wanatofautiana kuhusu serikali ifanye nini. Baltimore sehemu ya Waothodoksi ni kubwa kuliko wastani wa taifa, na familia zao zina watoto wengi katika shule za dini zinazolipiwa ada. Mwaka 2016 Maryland ilipoanzisha mpango wa vocha uitwao BOOST, unaolipia watoto wa kipato kidogo kwenye shule binafsi, kwa Waothodoksi ulikuwa ukombozi. Agudath Israel, asasi yao, imekuwa ikiutetea kila bajeti. Kwa Myahudi wa Mageuzi aliyekua akifundishwa kwamba ukuta kati ya dini na serikali ndio uliomlinda babu yake, fedha za umma kwenda shule ya dini ni kubomoa ukuta huo kwa mkono wako. Wote wawili wanazungumza kwa uzoefu wa Kiyahudi. Wote wawili wana historia upande wao, na kesi ya Torcaso inaweza kunukuliwa na mmoja wao bila mwingine kutikisika.

Utoaji mimba ni hivyohivyo. Mwaka 2022 sinagogi moja la Florida lilikwenda mahakamani kuipinga sheria ya jimbo hilo, likidai inaingilia dini yao, kwa kuwa sheria ya Kiyahudi huweka maisha ya mama mbele. Mashirika ya Kiothodoksi yaliisoma sheria ya Kiyahudi hiyohiyo na hayakukubali kwamba inatoa uhuru mpana kiasi hicho. Kisha kuna kina Jews United for Justice, kundi la Maryland na Washington linalopigania likizo ya malipo ya uzazi na ugonjwa, haki za wapangaji na mengine ya namna hiyo, wakisema hayo ndiyo mambo ya Kiyahudi. Hawasubiri baraza liwape ruhusa.

Kwa hiyo kiongozi wa baraza haongozi kama mkuu wa kikosi. Ana bodi yenye wajumbe wa masinagogi na asasi mbalimbali, na kanuni ya kazi ni maafikiano: jambo ambalo sehemu kubwa ya nyumba inalipinga halipelekwi Annapolis kwa jina la nyumba. Ustadi wake mkubwa ni kujua kipi kisiwekwe kwenye orodha ya mwaka huo. Watu huuona huo kuwa woga, na mara nyingine ni woga kweli. Lakini baraza likipoteza Waothodoksi kwa ajili ya hoja moja, mwakani mjumbe wa Park Heights ataambiwa na wapiga kura wake mwenyewe kwamba wale si wasemaji wetu, na ombi la fedha za wazee litadhoofika pamoja na mengine yote.

Usalama ndio uliowaunganisha kuliko kitu kingine. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 katika sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh. Miezi sita baadaye, huko Poway, California, mwingine akaua mtu mmoja na kujeruhi wengine. FBI karibu kila mwaka huripoti kwamba zaidi ya nusu ya uhalifu wa chuki unaolenga dini ya mtu huwaangukia Wayahudi. Mfuko wa serikali kuu wa kulinda asasi za hisani upo tangu 2005, lakini hata fedha hizo hupitia ofisi ya jimbo ambayo ndiyo inayopokea na kupanga maombi. Majimbo kadhaa, Maryland ikiwamo, yameongeza mifuko yao. Hapa hakuna mgawanyiko wa Mageuzi na Othodoksi, kila sinagogi linataka kioo kisichopenya risasi. Wala si masinagogi peke yake. Kanisa la weusi la Charleston lilipoteza watu 9 mwaka 2015, na misikiti ina vitisho vyake. Ruzuku huombwa na wote.

Kisha kuna Israel, na hapo nyumba hutikisika. Kuanzia 2015 majimbo mengi, sasa ni zaidi ya 30, yalipitisha sheria au amri za kuyanyima zabuni makampuni yanayoisusia Israel, au kutaka fedha za pensheni ziondolewe humo. Maryland miswada ya aina hiyo ilishindwa kupita bungeni, hivyo Oktoba 2017 Gavana Larry Hogan akatoa amri yake mwenyewe, na viongozi wakuu wa asasi za Kiyahudi wakaipokea kwa furaha. Mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa bunge hilo aliishitaki, akisema inambana uhuru wake wa kusema. Mahakama iliitupa kesi kwa hoja kwamba hakuonyesha amri imemdhuru vipi, bila kulimaliza swali lenyewe. Wanaounga mkono husema jimbo lina haki ya kuchagua linafanya biashara na nani, na kwamba kususia taifa moja tu la Kiyahudi ni ubaguzi. Wanaopinga, wakiwamo Wayahudi wengi wa mrengo wa kushoto na mawakili wa haki za raia, husema kususia ni njia ya Kimarekani ya kupinga, kama Wamarekani weusi walivyoyasusia mabasi ya kibaguzi ya mji wa Montgomery, Alabama.

Mvutano huohuo unauzunguka ufafanuzi wa chuki dhidi ya Wayahudi uliopitishwa mwaka 2016 na muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Maangamizi. Mashirika makubwa hutaka majimbo yautumie. Kenneth Stern, mwandishi mkuu wa rasimu yake ya awali, amekuwa akisema hadharani kwamba haukukusudiwa kuwa rungu la kudhibiti maneno vyuoni.

Baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas ilipoishambulia Israel na vita vya Gaza vikafuata, Maryland ilipata mtihani wake ndani ya miezi miwili. Mwaka huohuo bunge lilikuwa limeunda tume ya kukabiliana na uhalifu wa chuki chini ya mwanasheria mkuu wa jimbo, Anthony Brown. Sheria ilizitaja asasi za jamii mbalimbali zitakazokuwa na viti, za Kiyahudi na za Kiislamu zikiwamo. Mjumbe wa asasi ya Kiislamu akaandika mitandaoni maneno makali kuhusu Israel ambayo Wayahudi wengi waliyasoma kama kejeli kwa wafu wao. Malalamiko yakaja, Brown akamsimamisha Novemba. Ndani ya wiki chache akamrudisha, kwa sababu ofisi yake ilikuta sheria haikumpa mamlaka ya kumwondoa mjumbe kabla muda wake haujaisha. Asiyeridhika na hilo hakuwa na pa kwenda isipokuwa bungeni.

Na bungeni, kikao cha Januari kilipofunguliwa, waliokuwa wakigombania viti vya tume ndio walewale ambao taasisi zao, masinagogi kwa misikiti, huomba ruzuku ya ulinzi kutoka mfuko mmoja. Mshawishi wa Kiyahudi Annapolis anaweza kuwa mpinzani wa asasi ya Kiislamu katika chumba cha kamati asubuhi, na mchana akahitaji isimame naye kwenye bajeti. Ndiyo maana katika mabaraza haya anayeajiriwa hupimwa kwa orodha ya watu wanaopokea simu yake, na wachache kati yao ni Wayahudi.